BWATO YA MBAO: PIMA NA MAJI MBELE YA KUPANDA



Tangu turudi shuleni kutoka vakansi kubwa, wadogo wetu wa madarasa ya chini wanatuuliza swali moja kila siku: "Bayaya, ni kweli mulijenga bwato mu lupango?" Ndiyo, ni kweli. Tulikuwa wafinalisti watano, hakuna hata mmoja aliyekuwa fundi, na bwato tuliijenga kwa mikono yetu. Kisha wanauliza swali la pili, na hapo wanaanza kucheka: "Ni kweli ilipinduka?" Hiyo pia ni kweli. Lakini siku ilipopinduka hakukuwa mtu ndani, na hiyo haikuwa bahati tu. Ndiyo sababu tunaandika makala hii. Tunataka kueleza namna mtu asiye fundi anavyoweza kujenga bwato ya mbao nyumbani, na tena kueleza jambo moja ambalo sisi tulikaribia kulisahau, nalo lingeweza kutuletea kilio.

Mtu atauliza: vijana wa Kolwezi wanatafuta nini na bwato? Mji wetu ni mji wa shaba na kobalti. Kijana akitafuta franka za shule wakati wa vakansi, njia iliyo karibu ni ya machimbo, na kila mmoja wetu anajua nyumba fulani ambamo mtoto alitoka asubuhi kwenda shimoni na hakurudi. Wazazi wetu walikataa kabisa. Basi mmoja wetu ambaye mjomba wake anakaa karibu na ziwa Nzilo akasema: "Twende kuloba samaki." Lakini kukodi bwato ya mtu kila siku kunakula faida yote. Tukaamua kujenga yetu.

1. MTI MMOJA AU MBAO?

Kuko namna mbili za bwato, au mtumbwi kama vitabu vinavyosema.

Namna ya kwanza ni ya mababu: mti mmoja unaochongwa. Fundi anachagua mti mnene, ulionyoka, usio na tundu wala uozo ndani. Katika pori letu mulombwa unasifiwa sana. Ni mti ule ambao ukiukata unatoa maji mekundu sawa na damu. Mbao zake haziogopi maji, na zikikauka hazijikunji sana. Mti ukisha kuanguka, fundi anachonga kwanza umbo la nje akiwa bado na mti mzima, kisha anaugeuza na kuchimba ndani kwa shoka na tezo. Anachonga ukiwa bado mbichi, sababu mti mbichi ni laini. Lakini akiuacha kwenye jua kali utapasuka. Kwa hiyo anaufunika na majani, au anauweka kivulini, ukauke polepole. Chini anaacha unene mkubwa kuliko pembeni, maana uzito ukiwa chini bwato inasimama vizuri.

Hiyo ni kazi ya heshima, lakini sisi hatukuichagua. Kwanza, miti minene karibu na mji imemalizika juu ya makala. Pili, mti wa kutosha bwato moja umekua miaka mingi sana, na mwanafunzi akiharibu kazi katikati, mti umekufa bure. Tatu, kosa moja la tezo likitoboa chini, hakuna dawa nyepesi. Ubao mmoja ukiharibika, unaweza kuutoa na kuweka mwingine.

Namna ya pili ndiyo ya mbao zilizopasuliwa. Ndiyo tuliyofuata.

2. KAZI YENYEWE

Tunatoa hapa vipimo vya bwato yetu ya pili, ile inayofanya kazi. Ile ya kwanza tutaieleza mbele kidogo.

Vyombo: msumeno, nyundo, randa, mita, kamba ndefu, na patasi. Vitu: mbao za unene wa sentimita 2 na nusu, misumari isiyoshika kutu upesi, pamba, mafuta ya mawese, na lami.

a) Kuchagua mbao. Ubao uwe mkavu. Mbao mbichi ni rahisi kwa bei, na sisi tulidanganywa na bei hiyo mara ya kwanza. Sababu iko hivi: ubao mbichi ukikauka unapungua upana, na kila fasi mbao mbili zinapokutana panafunguka mlango. Ubao mkavu ni kinyume: ukiingia katika maji unavimba, na mlango unajifunga wenyewe. Tena tazama macho ya mti. Fasi kuko jicho kubwa, ndipo ubao utavunjika ukiukunja.

b) Pembeni mbili. Tafuta mbao mbili ndefu, mita 4 na sentimita 20, upana sentimita 30. Ukipata ubao mmoja mzima kwa kila upande, utakuwa na mlango mmoja pungufu wa kuziba. Kata miisho kwa mshazari, na mbao zote mbili ziwe sawasawa kabisa. Lalisha moja juu ya nyingine na kulinganisha. Bwato ambayo upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine haitaenda mbele, itazunguka sawa na mbwa anayetafuta mkia wake.

c) Ubavu wa katikati. Tengeneza mbavu moja yenye nguvu: chini sentimita 60, juu sentimita 80. Isimamishe katikati, na pigilia mbao mbili za pembeni juu yake, huku na huku.

d) Kukunja. Hapa ndipo watu wasio mafundi wanapovunja mbao. Mwagia mbao maji ya moto, funga kamba kwa kuzungusha miisho yote miwili, kisha pitisha kijiti ndani ya kamba na kuzungusha. Kamba inajikaza na kuvuta miisho ikutane. Usifanye kwa haraka. Sisi tulizungusha kidogo asubuhi na kidogo jioni, kwa siku tatu. Ubao ukianza kulia "kwe-kwe", acha, mwagia maji tena, nenda kula bukari. Miisho ikisha kukutana, pigilia kila mmoja juu ya nguzo fupi ya mti mgumu, ya mbele na ya nyuma.

e) Mbavu nyingine. Ongeza mbavu mbili upande wa mbele na mbili upande wa nyuma, kila moja nyembamba kuliko ile ya katikati. Hizi ndizo zinazozuia pembeni kujifungua.

f) Chini. Geuza bwato, tumbo juu. Piga randa kwenye ukingo wa mbao za pembeni mpaka ubao ukilazwa unagusa pande zote mbili pasipo nafasi. Kisha pigilia mbao fupi fupi kwa kukingama, moja kufuata nyingine, toka mbele mpaka nyuma. Kwa mtu asiye fundi namna hii ni nyepesi kuliko mbao ndefu za kufuata urefu. Toboa tundu dogo mbele ya kupiga msumari karibu na mwisho wa ubao, usipofanya hivyo ubao utapasuka.

g) Kuziba. Watu wa pwani wanaita kazi hii kalafati. Chukua pamba, ichovye katika mafuta ya mawese, isokote kama kamba, na uisukume katika kila mlango kwa patasi isiyo kali na nyundo. Isukume polepole, ukiipiga sana inatokea upande mwingine. Kisha pasha lami na kupaka nje na ndani, kama Noa alivyoamriwa kuipaka safina (Mwanzo 6:14). Lami ya moto inaunguza vibaya: wadogo wakae mbali, na chungu kisikae karibu na mbao.

h) Viti na makafi. Kwa kafi tafuta mti mwepesi wenye nyuzi zilizonyoka. Ukisimamisha kafi chini, lifike kwenye kidevu chako. Kwa viti, soma vizuri mambo yanayofuata, maana hapo ndipo palikuwa kosa letu kubwa.

3. SWALI LA MZEE

Bwato yetu ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho. Watu wa kartie walikuja kuiona. Ilikuwa nyembamba, imenyoka, sawa na mkuki. Chini ilikuwa na sentimita 40 tu, sababu mbao ni za bei na tulitaka kupunguza. Viti tuliviweka juu, karibu na ukingo, ili tuone mbali na tusilowe matako. Tuliipandisha juu ya kamio ya mzazi mmoja na kuipeleka ziwani siku ya posho. Tulikuwa tumekwisha kupanga: watatu wapande kwanza, wawili wabaki na nguo. Yule aliyepashwa kukaa katikati hajui kuogelea.

Pale kwenye maji tulikuta mzee mvuvi anashona wavu. Alitazama bwato, akatazama sisi, akauliza:

"Batoto, munataka kwenda wapi?"

"Kuloba, mzee."

"Ile bwato muliipima?"

"Ndiyo, mzee. Metre ine na kitu."

"Hapana kwa metre. Na mayi. Muliipima na mayi?"

Tulinyamaza. Mmoja wetu akasema tumepiga lami mara mbili. Mzee akaweka wavu chini.

"Mutie mabwe kwanza," akasema. "Libwe haina na mama."

Ndugu wasomaji, tulikasirika kidogo. Tulikuwa na haraka, na watu walikuwa wanatazama. Lakini mtu mkubwa akisema, mtoto anasikia. Tuliomba mifuko mitatu, tukajaza mawe, kila mfuko karibu uzito wa mtu mmoja. Tukaiweka juu ya viti, palepale tulipotaka kukaa sisi. Tukafunga kamba ndefu mbele, tukasukuma bwato mpaka maji ya kiuno.

Ilielea. Tukaanza kupiga makofi. Mzee akaingia majini na suruali yake, akaja pembeni, akaisukuma kwa mkono mmoja, si kwa nguvu, kama vile wimbi dogo linavyosukuma. Bwato ililala upande, mifuko ikateleza, na kwa muda wa kuhesabu mbili tumbo lake lilikuwa juu na mawe yetu chini ya ziwa.

Hakuna aliyesema kitu. Yule rafiki yetu ambaye hajui kuogelea alikuwa amesimama karibu nasi, anatazama fasi mawe yalipozamia. Mzee akatoka majini, akakamua suruali yake na kusema: "Mutu mwenye alikufa mu mayi harudiake kutuambia ni ubao gani ilikosa." Kisha akarudi kwenye wavu wake.

4. KWA NINI ILIPINDUKA?

Jioni ile tulifungua kitabu cha fizika. Tulikuwa tumesoma mambo haya darasani na kupata alama nzuri, lakini hatukuyabeba mpaka kwenye lupango.

Kwanza, kuelea. Arkimede anatufundisha kwamba kitu kinachoelea kinasukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake. Litre moja ya maji ni kilo moja. Tupime bwato ya mita 4, upana wa chini sentimita 60 katikati. Sababu miisho yote miwili ni myembamba, tuhesabu theluthi mbili tu: 4 × 0.60 = 2.4, na theluthi mbili zake ni metre karé 1.6. Basi kila sentimita moja bwato inaposhuka, inasukuma litre 16, ni kusema inabeba kilo 16.

Mbao zake zote ni karibu metre kibu 0.12. Ubao wa kilo 600 kwa metre kibu unatoa bwato ya kilo 72. Hiyo peke yake inashuka sentimita 4 na nusu. Mtu wa kilo 60 anaongeza karibu sentimita 4. Pembeni ina sentimita 30. Sasa tuhesabu:

Watu wawili: inashuka 12, inabaki 18 juu ya maji.
Watu watatu: inashuka 16, inabaki 14.
Watu wanne: inashuka karibu 20, inabaki 10 tu.

Sentimita 10 ni urefu wa kidole kirefu na kidogo. Wimbi la upepo wa mchana linaruka hapo bila kuomba ruhusa. Sisi tumejiwekea sheria: zisipungue 15. Kwa hiyo bwato yetu ni ya watu wawili, na nyavu na samaki zisizopita kilo 45. Anayetaka kuongeza mtu wa tatu, hata kama ni mwembamba, hata kama ni ndugu, tunamwomba angoje ufukoni.

Pili, kusimama. Hapa ndipo bwato ya kwanza ilituhukumu. Bwato ikilala upande mmoja, maji ya upande ule yanaisukuma irudi. Nguvu hiyo ya kurudisha inafuata upana, na haiongezeki kidogo kidogo: inafuata upana mara tatu, yaani kibu. Toka sentimita 40 mpaka 60, upana umeongezeka mara moja na nusu. Lakini 1.5 × 1.5 × 1.5 ni zaidi ya 3. Ni kusema, kwa kuongeza ubao wa sentimita 20 tu, bwato ya urefu ule ule inapata zaidi ya mara tatu nguvu ile ya kujirudisha. Sisi tulipunguza ubao ule ili tuhifadhi franka chache.

Tatu, urefu wa uzito. Mtu aliyekaa juu ni sawa na mzigo juu ya kichwa cha mtu anayetembea juu ya ukuta. Akiinama kidogo, mzigo unamvuta. Tukishusha viti, tunashusha mzigo. Viti vyetu sasa viko sentimita 12 tu toka chini. Matako yanalowa, ndiyo, lakini yanarudi nyumbani.

5. KUULIZA MTO

Mzee alikuwa na swali la pili, ambalo alituuliza tuliporudi: "Na mayi yenyewe, munaijua?" Swali hilo lina historia hapa kwetu, na ni vizuri kila mwanafunzi wa Lualaba aijue.

Mwaka 1891 Mubelgiji mmoja, Alexandre Delcommune, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri pamoja na msafara wake. Hakuwa mgeni katika mambo ya Kongo: alikuwa amefanya biashara miaka mingi upande wa bahari na kupanda mito mingine. Toka Bunkeya walikwenda mpaka Lualaba, wakaamua kushuka na mto. Wakakata miti, wakachonga mabwato. Kazi ilichukua muda mrefu, njaa ikawashika, watu wakateseka sana na wengine wakafa. Mabwato yakamalizika, wakapanda. Kisha wakafika Nzilo.

Pale Lualaba unaacha nchi ya juu na kuingia katika bonde jembamba la mawe. Katika mwendo wa kilomita karibu 70 unashuka zaidi ya mita 400, maporomoko juu ya maporomoko. Hakuna bwato inayopita. Msafara ukalazimika kuacha mabwato na kurudi kwa miguu. Hatusemi mabwato yale yalijengwa vibaya. Labda yalikuwa mazuri kuliko yetu. Lakini walijenga mbele ya kwenda kutazama mto, na kazi ya taabu ile yote haikuwapeleka fasi waliyotaka.

Nguvu ile iliyomshinda Delcommune, watu wengine walikuja kuitumia. Mwaka 1952 barage ya Nzilo ilimalizika, nayo kwanza ilipewa jina la Delcommune huyohuyo. Barage ikafunga mto, bonde likajaa maji, na ndivyo lilivyozaliwa ziwa letu, lenye kilomita karé karibu 280. Mwaka 1956 ikafuata ile ya Nseke, chini zaidi. Maji yaleyale yaliyozuia mabwato yanazungusha mashini za umeme. Na mtu akitaka Lualaba inayokubali mashua, anapashwa kushuka mpaka Bukama, ambapo njia ya treni ilifika mwaka 1918 ili kukutana na mto uliotulia.

Mto huohuo, mbali sana kule chini karibu na bahari, ulichukua kijana aitwaye Kalulu. Alikuwa amesafiri na Stanley mpaka Uingereza na kusoma shule huko. Mwaka 1877 bwato aliyokuwamo ilivutwa na maji ya katikati yenye nguvu na kuanguka na maporomoko. Alikuwa mdogo kuliko sisi wafinalisti. Shule ni kitu kizuri sana, lakini maji hayaulizi mtu amesoma mpaka darasa gani.

Kwa hiyo, mbele ya kukata ubao wa kwanza, nenda kwenye maji yenyewe. Uliza wavuvi: upepo unaanza saa ngapi? Fasi gani kuko visiki na miti chini ya maji? (Tusisahau kwamba ziwa letu ni bonde lililozamishwa.) Maji yanavuta upande gani wakati wa mvua? Wao wanakaa hapo, sisi tunapita tu.

6. SHERIA ZETU

Tulirudisha bwato kwenye lupango, tukaifungua chini yote, tukatafuta mbao kavu, tukapanua mpaka 60. Wiki tatu tulifanya kazi upya, na vakansi ilikuwa inaisha. Tuliporudi ziwani tulitia mawe bila kuambiwa. Mzee akasukuma kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Bwato iliinama, ikafikiri kidogo, ikarudi. Hapo ndipo alicheka mara ya kwanza.

Anayetaka kufuata mfano wetu, ashike sheria hizi:

1. Ukisha kumaliza, zamisha bwato karibu na ufuko siku mbili ili mbao zivimbe. Kisha toa maji na kutazama fasi yanapoingia.

2. Mawe kwanza, watu nyuma. Mawe yakae palepale watu watakapokaa. Sukuma pembeni zote mbili.

3. Funga bidoni tupu ya litre 20, iliyofungwa vizuri, mbele na nyingine nyuma. Kila moja inabeba karibu kilo 20 bwato ikijaa maji.

4. Bwato ikipinduka, shika bwato, usiiache kwa kuogelea. Ubao unaelea, na mtu aliyeshika ubao anaonekana toka mbali.

5. Asiyejua kuogelea asipande bila gile ya kuokoa. Afadhali ajifunze kwanza. Rafiki yetu amekwisha kuanza, na sasa anapita mita kumi.

6. Usisimame ndani. Usibadilishane viti katikati ya maji. Usipande ukiona wingu jeusi, hata kama samaki wanaruka.

7. Mmoja abaki ufukoni siku zote, akijua wenzake wamekwenda upande gani na watarudi saa ngapi.

Mtatuuliza: na franka za shule? Tulipata siku tisa tu za kuloba mbele ya kengele ya shule. Samaki hazikutosha watano. Zilisaidia wawili waliokuwa na haja kubwa zaidi, na wazazi wakaongeza. Bwato iko kwa mjomba wa mwenzetu, nayo inafanya kazi mpaka leo. Vakansi inayokuja sisi hatutakuwa hapa, kama Mungu akitusaidia katika mtihani wa Dola. Basi tunawaachia nyinyi wadogo wetu. Kafi mbili ziko pamoja nayo, na mifuko ya mawe pia. Musiitupe mifuko ile.

Bwana Yesu katika Luka 14 anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye anakaa kwanza na kuhesabu gharama. Sisi tulihesabu mbao na misumari, tukafikiri tumemaliza hesabu. Tulisahau kuhesabu rafiki yetu wa katikati. Mama yake hajui mpaka leo namna kiti kile kilivyokuwa tayari kwa mtoto wake, na mawe yakakaa pale kwa niaba yake. Kama atasoma gazeti hili, atajua, na tunamwomba atusamehe.

Sisi wenu,
Kiongozi wa wanafunzi, kwa jina la wafinalisti watano.